Nunua Sasa au Subiri? Kisa cha Foleni ya Jaguar

Ndugu msomaji, wahenga wetu walituachia mtego. Walisema subira huvuta heri. Kisha, wakiwa bado wamekaa kwenye jamvi lile lile, wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Walisema haraka haraka haina baraka, halafu wakageuka wakasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Sasa kijana mwenye pesa yake mfukoni, anayetaka kununua kitu, amsikilize nani? Akisubiri, wahenga wako upande wake. Akinunua leo leo, wahenga hao hao wako upande wake. Na akiumia, wahenga hawapo. Wamelala makaburini, hawadaiwi na mtu.

Nimechagua historia moja ya kweli ili tuupime mtego huu. Ni historia ya gari la kifahari la mwendo kasi, gari ambalo wengi wetu tunaosoma jarida hili tutaliona kwenye picha tu: Jaguar XJ220 ya Uingereza. Najua utaniuliza, "Mshikaji, sisi nauli ya daladala inatutoa jasho, Jaguar inatuhusu nini?" Inatuhusu. Aliyepanga foleni ya gari la paundi laki tatu na aliyelipia nusu bei ya cherehani wanaulizwa swali moja, tofauti ni idadi ya sifuri. Tena matajiri wana faida kwa mtu anayeandika: wakiteleza, mteleza wao huandikwa magazetini na kusomwa mahakamani, kwa hiyo tunaweza kuufuata hatua kwa hatua. Sisi makabwela tukiteleza tunalia kimya kimya, na jirani anasikia redio tu.

MIAKA YA MAPESA

Kwanza tuielewe hali ya hewa ya pesa ilivyokuwa. Tarehe 19 Oktoba 1987 masoko ya hisa duniani yaliporomoka kwa kiasi cha kutisha. Wenye nacho wakaanza kuziogopa hisa, maana mwisho wa yote ni karatasi. Wakataka kitu cha kushika kwa mkono, tena kiwe adimu: michoro ya wasanii waliokufa, mvinyo wa zamani, na magari. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Agosti 1988, mzee Enzo Ferrari akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 90. Tunajua mambo yanavyokwenda: fundi akifa, kazi yake hupanda bei. Watu wakapiga hesabu kwamba magari yaliyotoka chini ya jicho la mzee hayataongezeka tena. Ferrari aina ya 250 GTO, ambazo zilitengenezwa 36 tu kati ya mwaka 1962 na 1964, zikafikia kuuzwa kwa zaidi ya dola milioni 10 kwa gari moja.

Hapo ndipo walipoingia watu ambao Kiswahili kina jina lao tayari: walanguzi. Wanaoikumbuka Tanzania ya mwaka 1983, wakati wa msako wa walanguzi na wahujumu uchumi uliohimizwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, wanalijua neno hilo vizuri, na sisi tuliozaliwa baadaye tumesimuliwa. Mlanguzi hanunui sukari kwa sababu ana chai mezani. Ananunua ili wewe mwenye chai uikose, kisha uje kwake umpigie magoti. London ya mwaka 1988 nayo ilikuwa na walanguzi wake. Hao hawakuficha sabuni chini ya kitanda. Walificha magari kwenye gereji, yamefunikwa mashuka, hayaendeshwi hata siku ya sikukuu. Na hakuna aliyewasaka, kwa sababu kule mchezo huo unaitwa uwekezaji.

Wenye viwanda nao si wajinga. Ferrari F40 ilizinduliwa mwaka 1987, na awali ilitajwa kwamba yatatengenezwa magari 400 tu. Watu wakagombania, ikawa inauzwa mkononi kwa bei iliyoipita mbali ile ya kiwandani. Uzalishaji ulipokoma mwaka 1992, hesabu ilikuwa imepita magari 1,300. Kiwanda kiliiona foleni, kikaihudumia. Aliyelipia uadimu aliletewa gari zuri kweli kweli, ila ule uadimu aliolipia haukuwemo ndani.

GARI LILILOANZA KWA MABOKSI

Sasa twende Coventry, mji wa Jaguar. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1987, mkuu wa wahandisi wa Jaguar, Jim Randle, alikuwa mapumzikoni. Badala ya kulala, akachukua karatasi ngumu za maboksi, akakata, akaunga, akapata umbo dogo la gari lililokuwa likimsumbua kichwani. Kampuni haikuwa na fungu la pesa kwa ndoto hiyo. Basi wahandisi na wabunifu wachache wakajitolea kuifanya kazi baada ya saa za kazi na siku za Jumamosi, bila malipo. Wakajiita Klabu ya Jumamosi. Vipuri vingine waliviomba kwa watu waliozoea kuiuzia Jaguar.

Hapa naomba tusimame kidogo. Sisi tunaoandika usiku wenzetu wamelala, tunaoazimana taipu na karatasi, tunaijua klabu hiyo. Watu wale hawakukaa wakijiuliza kama waanze sasa au wasubiri bajeti. Walikuwa na kitu walichotaka kukiona kimesimama kwa magurudumu yake, basi. Ukumbuke jambo hili, maana baadaye tutakutana na watu wa aina nyingine kabisa.

Mwezi Juni 1988 Jaguar ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza pale tangu mwaka 1957, kwa hiyo jina lilikuwa linawaka. Tarehe 18 Oktoba 1988, kwenye maonyesho ya magari ya Birmingham, gari la Klabu ya Jumamosi likafunuliwa. Lilikuwa na rangi ya fedha, refu, limelala chini kama chui anayenyatia. Ndani lilibeba injini ya V12, yaani ya silinda 12, yenye ujazo wa lita 6.2. Lilisukumwa na magurudumu yote manne, na milango yake ilifunguka kwenda juu. Ile namba 220 ilitaja mwendo uliolengwa: maili 220 kwa saa, karibu kilometa 354.

Kampuni ilikuwa bado haijaamua kama italitengeneza la kuuza. Lakini matajiri waliolisogelea hawakuuliza kama linauzwa. Waliuliza walipe wapi.

ARUBUNI

Mwaka 1989 ulipokuwa ukingoni, kampuni ya Ford ya Marekani iliinunua Jaguar kwa karibu paundi bilioni 1.6. Tarehe 20 Desemba 1989 tangazo likatoka: gari litatengenezwa, kwa ushirikiano wa Jaguar na kampuni ya mbio ya TWR ya Tom Walkinshaw. Magari hayatazidi 350. Bei ni paundi 290,000 kabla ya kodi. Anayetaka nafasi aweke arubuni ya paundi 50,000. Kwa Uingereza ya wakati ule pesa hiyo haikuwa mbali na bei ya nyumba ya kawaida, na mtoaji alikuwa bado hajakaa hata kwenye kiti cha gari. Waliojitokeza walizidi 1,000.

Neno arubuni lina mambo. Watu wa pwani wanalitumia kwa malipo ya kwanza anayotoa mnunuzi ili kitu kisiuzwe kwa mwingine. Sasa litamke pole pole, kisha utamke neno kurubuni, yaani kumlainisha mtu kwa maneno matamu mpaka akubali. Wataalamu wa lugha watatueleza undugu wa maneno hayo. Mimi sikio langu linasikia majirani wawili wanaoombana chumvi.

Mlanguzi huiona arubuni kama tiketi. Bei ikipanda, anauza nafasi yake kwenye foleni hata kabla gari halijaungwa, anachukua faida, anaondoka bila kushika usukani. Bei ikishuka, anaitupa tiketi, anakubali hasara ya zile 50,000, yameisha. Kwa akili hiyo kuwahi hakuna hatari kubwa, hatari ni kuchelewa. Biashara asubuhi!

Lakini kilichosainiwa hakikuwa tiketi. Kilikuwa mkataba wa kununua gari zima. Na ndani yake mlikuwa na kifungu kilichoruhusu bei ipande kadiri gharama zinavyopanda na miaka. Yaani mtu alisema, "Nitanunua, tena nitanunua kwa bei ambayo leo siijui." Soma hapo mara mbili, msomaji, kwa sababu ndipo palipochimbwa shimo.

Siku tisa baada ya tangazo lile, tarehe 29 Desemba 1989, soko la hisa la Tokyo lilifika kilele ambacho halikukivuka tena mpaka mwaka 2024. Matajiri wa Japani walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa magari adimu. Hakuna kengele iliyolia. Watu walisherehekea mwaka mpya kama kawaida.

MKASI

Riba nchini Uingereza ilikuwa imefika asilimia 15 tangu Oktoba 1989. Aliyekopa kwa riba hiyo akafungia gari gereji, alihitaji gari lipande bei haraka kuliko deni. Likisimama tu pale pale, yeye anaungua. Mwaka 1990 soko la magari adimu likasimama, kisha likaanza kuporomoka. Mwaka huo huo uchumi wa Uingereza ukaingia kwenye mdororo. Zile Ferrari 250 GTO za zaidi ya dola milioni 10 zikashuka, na katikati ya miaka ya 1990 zilipatikana kwa karibu milioni 3. Mwezi Aprili 1991 kodi ya ongezeko la thamani ikapandishwa kutoka asilimia 15 mpaka 17.5. Na kile kifungu cha mkataba kilikuwa hakilali usingizi: kufikia mwaka 1992 bei ya XJ220 ilikuwa imefika paundi 470,000.

Fikiria mkasi. Ubao mmoja ni kile unachotakiwa kulipa, na huo unapanda. Ubao wa pili ni kile utakachopata ukiuza, na huo unashuka. Wewe umeweka kidole katikati.

Juu ya hayo, gari lenyewe lilibadilika. Wahandisi waliona ile V12 ni kubwa mno, ni nzito mno, na moshi wake ungegombana na sheria za hewa safi. Wakaiweka kando, wakachukua V6 ya lita 3.5 yenye tabo mbili, iliyotokana na injini ya gari la rali la Metro 6R4. Magurudumu ya kusukuma yakawa mawili ya nyuma. Milango ikafunguka kama ya gari jingine lolote. Sasa Metro ya kawaida, kwa Mwingereza, ilikuwa kigari cha kwendea sokoni. Ukimwambia tajiri kwamba chui wake ana ukoo na kigari cha sokoni, umemvunjia heshima mbele ya jirani.

Tuseme kweli hata hivyo: injini ile ilikuwa moto wa kuotea mbali. Ilitoa nguvu za farasi 542. Mwaka 1992, kwenye njia ya majaribio ya Nardò, Italia, dereva Martin Brundle aliifikisha maili 217 kwa saa, karibu kilometa 349, vifaa vya kusafisha moshi vikiwa vimetolewa kwenye ekzosi. Zilipungua maili tatu tu litimize jina lake. Wana Klabu ya Jumamosi hawakuwa na sababu ya kuinamisha kichwa.

Kiwanda kidogo kiliandaliwa Bloxham, karibu na mji wa Banbury, na Diana, mke wa mrithi wa ufalme, akakifungua rasmi mwaka 1991. Mwaka 1992 magari yakaanza kukabidhiwa. Na hapo ndipo baadhi ya wale waliokuwa wamegombania foleni walipoanza kuingia mitini. Wengine wakasema hili silo gari tulilooneshwa Birmingham, tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Tulitajiwa silinda 12, tunaletewa 6. Kampuni ikajibu kwa neno fupi: mlisaini. Wako walioruhusiwa kulipa ili watoke kwenye mkataba. Wako waliofikishana na kampuni mahakamani, na kampuni ikashinda. Uzalishaji ulipokoma mwaka 1994, magari yaliyotengenezwa hayakufika 300, wakati miaka mitano nyuma watu zaidi ya 1,000 walikuwa wakisukumana mlangoni.

Mimi ninayeota kuandika riwaya, hapa ndipo panaponinyima usingizi. Malalamiko ya injini yalikuwa na haki ndani yake, maana ahadi ni deni, na gari la maonyesho lilikuwa ahadi iliyosimama mbele ya macho ya watu. Lakini jiulize: kama bei ya soko ingekuwa imepanda mara mbili, nani angefungua boneti ahesabu silinda? Kama gari la paundi 470,000 lingeuzika siku hiyo hiyo kwa milioni moja, V6 ingesifiwa kuwa ni injini ya kisasa, nyepesi, yenye akili. Injini haikubadilika ubaya wala uzuri kati ya hali hizo mbili. Kilichobadilika ni soko, na soko halishtakiwi. Kwa hiyo ikashtakiwa injini.

ALIYESUBIRI NA ALIYEWAHI

Basi, nani alishinda? Mwaka 1997, miaka mitatu baada ya uzalishaji kukoma, bado kulikuwa na XJ220 mpya ambazo hazijapata wenyewe. Zikatolewa kwa bei isiyofika hata nusu ya ile 470,000. Mtu aliyelipenda gari lile mwaka 1988, akakataa kusukumana, akakaa kimya miaka tisa akinywa chai yake, alilipata jipya kwa pesa kidogo kuliko ile bei ya kwanza kabisa. Kikosi cha subira huvuta heri kikashangilia.

Kisishangilie sana. Mwezi Mei 1992, huko Monaco, kampuni ya McLaren ilizindua gari lake liitwalo F1. Mbunifu wake alikuwa Gordon Murray, Mwafrika Kusini mzaliwa wa Durban. Bei yake ilipita paundi nusu milioni. Soko lilikuwa lingali na majeraha, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kampuni ilitarajia kuuza magari 300. Mpaka kazi inafungwa mwaka 1998 yalikuwa yametengenezwa 106 tu, ukijumlisha na yale ya mashindano na ya majaribio. Waliosubiri walikuwa na kila sababu ya kusubiri: uchumi mbaya, bei ya kutisha, kisa cha Jaguar bado kibichi. Agosti 2021, McLaren F1 moja iliuzwa mnadani huko Pebble Beach, Marekani, kwa zaidi ya dola milioni 20. Sasa ikawa zamu ya kikosi cha ngoja ngoja huumiza matumbo.

Na ile 250 GTO? Aliyeinunua mwaka 1989 kwa zaidi ya milioni 10 alionekana mwendawazimu mwaka 1994. Mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 48.4. Kwa hiyo mwendawazimu wa mwaka 1994 angekuwa mwenye hekima mwaka 2018, bila kufanya lolote katikati zaidi ya kutouza. XJ220 nazo zimeamka, siku hizi mnadani zinapita dola nusu milioni. Lakini paundi ya mwaka 1992 leo imebaki na nguvu ya karibu nusu tu, na gari linataka bima, linataka matairi, linataka fundi. Aliyetoa 470,000 wakati ule bado anaidai historia.

Unaona, msomaji? Magari ni ya wakati mmoja, matajiri ni wa aina moja, na majibu yanapingana. Mtu anayekwambia kwamba historia inafundisha kununua mapema, au inafundisha kusubiri, amechagua gari moja akayaficha mengine.

SWALI LENYEWE

Nadhani swali la "sasa au baadaye" linaulizwa likiwa limeruka swali jingine lililo mbele yake: la nini?

Chukua mtu ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa sura, Rowan Atkinson, yule anayeigiza kama Mr. Bean. Alinunua McLaren F1 mwaka 1997. Hakuifunika shuka. Aliiendesha barabarani kwenye mvua na kwenye jua, akaitembeza zaidi ya kilometa 60,000. Mwaka 1999 aligonga nayo gari jingine, na gari hilo lilikuwa, amini usiamini, Metro. Mwaka 2011 aliipiga vibaya tena, na bima ikalipa zaidi ya paundi laki tisa kuitengeneza. Akaendelea kuiendesha. Mwaka 2015 aliiuza kwa takriban paundi milioni 8, ilhali ilimgharimu kiasi cha nusu milioni.

Utasema alikuwa na bahati, nami sibishi. Lakini weka bahati pembeni uangalie kitu kingine. Tuseme bei ingeporomoka kama ya Jaguar, akabaki na gari lisilo na mnunuzi. Angekuwa amepoteza nini? Pesa, ndiyo, tena nyingi. Lakini zile kilometa 60,000 angekuwa nazo, hakuna soko la kumnyang'anya. Mlanguzi wa foleni ya Jaguar, bei ilipoporomoka, alibaki na nini? Alibaki na gari zuri kuliko karibu magari yote duniani, limesimama mlangoni, na yeye hataki hata kulitazama. Nasema hiyo ni adhabu ya ajabu. Klabu ya Jumamosi walikipenda kitu ambacho hawakuwa na pesa ya kukinunua. Mlanguzi alikuwa na pesa ya kukinunua na hakukipenda. Katikati yao ndimo lilimozaliwa gari, na ndimo lilimozaliwa lile zogo la mahakamani.

Kwa hiyo anayenunua ili atumie, "sasa au baadaye" kwake ni hesabu ya kawaida: nina pesa au sina, nakihitaji leo au naweza kuvumilia. Akikosea wakati, anaumia nusu. Anayenunua ili amuuzie mwingine, hajanunua kitu. Amenunua tamaa ya mtu ambaye hajamwona, na tamaa ya watu haina karatasi ya dhamana. Huyo akikosea wakati, anaumia kamili.

Tena kuna jambo la pili, dogo kwa maandishi, kubwa kwa machozi. Kabla hujauliza lini, uliza umesaini nini. Wale waungwana wa London walikuwa na mawakili na wahasibu, lakini foleni ina ulevi wake. Ukiona watu 1,000 wanagombania nafasi 350, mkono unatangulia macho. Sisi huku tunayaona hayo kila siku kwa sura nyingine: kiwanja kinachouzwa kwa awamu, kwamba "wahi vimebaki vitatu", pikipiki ya mkopo, simu ya kulipia kidogo kidogo. Uliza: hii ninayotoa ni arubuni ninayoweza kuiacha nikaondoka, au ni mguu wa kwanza ndani ya mlango usiofunguka kwa ndani? Bei iliyoandikwa ndiyo bei, au kuna kifungu kinachokua wakati mimi nimelala? Na hicho nilichooneshwa ndicho nitakachopewa, au ni cha maonyesho?

Anayeuza akikasirika kwa sababu umeomba karatasi ukaisome nyumbani, tayari amekujibu.

Nawaachia hapa waandishi wenzangu. Riwaya zetu za mjini zimejaa tajiri aliyepata na maskini aliyekosa. Sijakutana bado na riwaya ya mtu aliyesimama kwenye foleni ya kitu asichokitaka, akiwaogopa walio nyuma yake wasimpite. Naamini yupo kwenye kila mtaa. Anayemfahamu amwandike. Mwandike alivyovaa siku ya kusaini, na kalamu aliyoazima. Kazi kwenu.